Ndizi ukutani, dumu usoni, vifuniko vya chupa: kitu cha kawaida kinakuwaje sanaa? (Uzi mrefu, kaa mkao wa kusoma)

Mchungulia Dirisha (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu umezaliwa na ubishi. Novemba 2024 ile ndizi ya msanii Maurizio Cattelan iliyobandikwa ukutani kwa solotepu ya kijivu iliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 6.2. Ndizi yenyewe ilikuwa imenunuliwa siku hiyohiyo kwa senti 35. Aliyeshinda mnada akaenda kuimenya na kuila mbele ya kamera kule Hong Kong. Siku zile kila kundi nililomo halikukosa mtu wa kuandika "hata mimi naweza". Sifichi: kwenye makundi mawili mtu huyo nilikuwa mimi.

Baadaye nikajishtukia. Ndizi ilinichekesha nikaisahau, ilhali vifuniko vya chupa vya El Anatsui niliviona pichani mara moja tu vikanikaa kichwani miaka. Vyote ni vitu vya jalalani. Mbona kimoja kinapita na kingine kinang'ang'ania? Nimekuja na jibu langu, mlipige mawe.

Nianze na mfano mfupi kuliko yote. Mwaka 1942 Pablo Picasso alichukua siti kuukuu ya baiskeli na usukani, akaviunganisha, basi. Siti ikawa uso, usukani ukawa pembe: kichwa cha fahali. Hakuongeza jicho wala pua. Ukitazama unaona fahali. Ukipepesa macho ni baiskeli iliyofumuliwa. Ukitazama tena, fahali yuleyule amerudi. Huko kwenda na kurudi ndiko ninakokutafuta mimi kwenye kazi za namna hii. Msanii akikigeuza kitu hadi kikasahau kwao, amefanya kazi nyingine, pengine nzuri, lakini siyo hii. Asipokigusa kabisa, ametuachia ubishi tu.

Babu wa ubishi ni Marcel Duchamp. New York, 1917: sinki la kukojolea la wanaume linalazwa chali, linatiwa saini ya bandia "R. Mutt", linapelekwa kwenye maonyesho ya chama ambacho kanuni yake ilikuwa moja, lipa ada ya dola 6 na kazi yako itaonyeshwa. Ada ililipwa. Sinki halikuonyeshwa. Lile la kwanza lilipotea, na haya yaliyopo makumbusho ni nakala, nyingi zikiwa zile alizoziidhinisha mwaka 1964. Namheshimu mzee yule kwa kuwanasa waandaaji kwa kanuni yao wenyewe. Ila sinki lake halijawahi kunifanya nitazame sinki jingine kwa jicho jipya. Ile ndizi ni mjukuu wake halali.

Sasa njoo kwa Anatsui. Amezaliwa Ghana mwaka 1944, na kuanzia 1975 alifundisha uchongaji kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 aliokota mfuko uliojaa vifuniko vya chupa za pombe kali, akaenda nao karakana, ukakaa hapo muda kabla hajajua cha kuufanyia. Leo kazi zake ni mapazia makubwa ya vifuniko hivyo, vimepondwa, vimekunjwa, vimesokotwa, vimefungwa kimoja baada ya kingine kwa waya wa shaba. Ukiwa mbali unaona kitambaa cha kifalme, dhahabu na wekundu vinamwagika ukutani. Ukisogea, majina ya pombe yanaanza kusomeka. Ukisogea zaidi unaona ncha za waya zilizokunjwa kwa koleo. Na pombe kali, tukumbuke, ni mojawapo ya bidhaa zilizoletwa na meli za Ulaya kwenye pwani ya Afrika Magharibi wakati watu wanapakiwa kwenda Amerika. Kwa hiyo kifuniko hakikuja pale kikiwa kitupu. Kilikuja na mzigo wake, na yeye hakuushusha.

Nikasema nijaribu. Nilikusanya vizibo 60 vya soda, nyundo, msumari, koleo, na waya wa shaba niliouchuna kwenye kebo iliyokufa. Ponda kizibo kiwe bapa, toboa matundu manne, funga na mwenzake. Kizibo cha kwanza kiliruka kikagonga kioo cha dirisha. Cha tano kilinichana kidole gumba. Yale meno ya pembeni hayalali hata uyapige vipi, yanabaki yamekodoa. Masaa matatu baadaye nilikuwa na kipande cha ukubwa wa kiganja, kikakamavu kama kigae. Cha Anatsui kinaanguka mikunjo kama shuka lililolowa. Changu ukikidondosha kinalia kwaa!

Hapo ndipo "hata mimi naweza" ilipoishia.

Mwingine wa kumtaja kabla sijapumzika: Romuald Hazoumè wa Benin, aliyezaliwa 1962. Huyu anachukua madumu ya petroli. Kwao kuna vijana wanaovusha petroli ya magendo kutoka Nigeria kwa pikipiki, madumu yamefungwa kila upande, na kuna dumu linalopitishwa motoni livimbe ili libebe zaidi ya lilivyoumbwa kubeba. Kata dumu hilo, ligeuze: mdomo wa dumu ni mdomo wa mtu, mshikio ni pua. Kinyago kimejitokeza chenyewe. Kisha akayapanga madumu 304 ya aina hiyo sakafuni kwa umbo la mchoro maarufu wa meli ya watumwa iitwayo Brookes, ule uliosambazwa na wapinga utumwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 18. Makumbusho ya Uingereza yaliinunua kazi hiyo mwaka 2007. Dumu lililovimbishwa kupita kiasi, na mtu aliyepakiwa kupita kiasi. Hahitaji kukuandikia maelezo ukutani.

Haya, uwanja wenu.

Sina Presha

Mkuu, umeandika ukapendeza, lakini unazunguka mbuyu. Hii ni michezo ya matajiri. Kitu kina thamani kwa sababu wamekubaliana kina thamani, basi. Na ushahidi nnao: 2004, jumba la sanaa la Tate Britain, London, mfanya usafi alikuta mfuko wa plastiki wenye takataka, akautupa. Kumbe ni sehemu ya kazi ya msanii Gustav Metzger! Msanii akaleta mfuko mwingine, maonyesho yakaendelea. Sasa niambie, kitu ambacho mtu mwenye macho mawili na akili timamu hakitofautishi na taka, na kikitupwa unaleta kingine, sanaa iko wapi hapo? Kwenye mfuko au kwenye kibandiko cha jina?

Nasubiri na kahawa yangu.

Fundi Koleo

Mleta uzi pole na kidole. Mimi hizo habari za makumbusho nimezisoma tu, ila chuma nakishika kila siku, na kosa lako nimeliona kabla sijamaliza aya.

Umechukua bati lisilo lenyewe. Kizibo cha soda ni chuma, kimepigwa meno 21 kibane shingo ya chupa, kimeumbwa kisikubali kupinda. Vifuniko vya huyo mzee ni vile vya kuzungusha, aluminiamu nyembamba, unakata kwa mkasi wa kawaida na kukunja kwa vidole. Tena kimoja kinakupa malighafi tatu. Lile duara la juu, unalipata likiwa bapa tayari. Ukuta wa pembeni, ukiupasua na kuukunjua unakuwa utepe wenye maandishi. Na ile pete inayobaki shingoni mwa chupa ukishaifungua, hiyo ukiisokota unapata kamba. Ndiyo maana kazi yake ina sehemu nzito na sehemu zinazopitisha mwanga kama wavu: siyo kifuniko kimoja kilichorudiwa, ni vipande tofauti vya kifuniko.

Kosa la pili, waya. Nina hakika uliubana mpaka ukalia. Kiungo lazima kicheze. Acha nafasi ya unene wa kiberiti kati ya kipande na kipande, matundu yawe makubwa kidogo kuliko waya, hapo mkunjo unakuja wenyewe, kama mnyororo. Ukibana, umetengeneza bati jipya.

Na kwa kuwa nimeshafungua mdomo, niongeze la kwangu. Nyinyi mmesema vifuniko na madumu, mimi kilichonishika ni kiti. Msumbiji, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuisha 1992, silaha zilikuwa zimezagaa. Mwaka 1995 Baraza la Kikristo la nchi hiyo, likiongozwa na Askofu Dinis Sengulane, lilianzisha mpango: leta bunduki, chukua jembe, baiskeli au cherehani. Bunduki zikakatwa, vipande wakapewa wasanii. Mmoja wao, Cristóvão Canhavato, wanamwita Kester, mwaka 2001 akachomelea kiti cha enzi. Kipo Makumbusho ya Uingereza.

Nimeikuza picha yake mpaka ikavunjika nikitafuta mistari ya kuchomelea. Lakini angalia mgongo wa kiti. Kuna vitako viwili vya bunduki vimesimama wima, kila kimoja kina matundu mawili ya skrubu na chini yake mwanya wa kupitishia mkanda. Macho mawili na mdomo. Vinatabasamu! Hakuchonga tabasamu, lilikuwamo kwenye bunduki tangu kiwandani, kazi yake ilikuwa kujua kitako kisimame upande upi. Mtu asiyeshika chuma hawezi kuelewa jinsi hilo lilivyo gumu. Kukata kila mtu anakata. Kujua wapi usikate ndiyo shughuli.

Mchungulia Dirisha

Fundi, nimekaa chini nimesoma mara mbili. Kumbe nilibana! Nilidhani imara ndiyo sifa. Nitarudia.

Sina Presha, hoja yako ya matajiri siipuuzi, soko la sanaa lina vituko vyake. Lakini nikuulize, kuna tajiri gani aliyefaidika na Michael Landy? Februari 2001, Mtaa wa Oxford jijini London, mtu huyu aliorodhesha kila alichomiliki: vitu 7,227. Gari, nguo, barua, kazi zake za sanaa na alizopewa na marafiki. Akaajiri wasaidizi, akafunga mkanda wa kusafirisha kama wa kiwandani ndani ya duka lililokuwa limefungwa, na kwa wiki mbili wakavunja na kusaga kila kitu mbele ya watu. La mwisho kabisa lilikuwa koti la ngozi ya kondoo la baba yake. Mabaki yakaenda kufukiwa jalalani. Hakikuuzwa hata kifungo. Alibaki na ovaroli aliyovaa. Sasa huo mchezo wa matajiri uko wapi? Mimi kila nikihama nyumba na kufunga maboksi namkumbuka, nahesabu, nafika mia tatu nachoka.

La mfuko wa Metzger nakuachia. Kama kikitupwa unaleta kingine na hakuna aliyesikitika, kwa kipimo changu pia kimefeli.

Bi Mkasi

Kaka zangu, mnamwonea Metzger. Kazi yake yote ilihusu vitu vinavyojiharibu, mfuko kutupwa ni kama kaburi kuchimbwa na mwenye maiti. Tuyaache hayo.

Nina kisa kinachomjibu Sina Presha vizuri zaidi. 2024, kwenye jumba la makumbusho mjini Lisse, Uholanzi, fundi wa lifti aliona makopo mawili ya bia, matupu, yamebonyea, yamewekwa kwenye nafasi ya lifti. Akayatupa. Yalikuwa kazi ya Mfaransa Alexandre Lavet. Lakini sikiliza: hayakuwa makopo ya bia yaliyookotwa. Kila alama, kila herufi ilikuwa imechorwa kwa mkono, kwa rangi na brashi, kwa uangalifu wa kumpofusha mtu. Yaliokolewa kwenye pipa, yakaoshwa, yakarudishwa kuonyeshwa. Hapo kibandiko cha jina hakikuwa na shida. Jicho ndilo lililopita haraka. Na fundi wa lifti simlaumu, alikuwa kazini, na makumbusho wenyewe waliamua kuyaweka sehemu ya ajabu ili mtu ayagundue. Akayagundua fundi, kwa njia yake.

Lakini nilichokuja kusema ni kwamba uzi una nusu. Mmeongelea vitu tu. Picha je? Picha ya gazeti, tangazo, kalenda ya ukutani, hizo nazo ni vyombo vya kila siku kama sufuria. Tunazitumia na kuzitupa.

Mimi nakatakata magazeti tangu nikiwa msichana, nabandika, sijawahi kumwonyesha mtu. Wa kwangu ni Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kulelewa Uingereza. Watu wanamjua kwa Tuzo ya Turner ya 2017, tuzo kubwa ya sanaa Uingereza, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata, tena akiwa na miaka 63, mwaka uleule walipoondoa kikomo cha umri cha miaka 50. Zaidi ya tuzo, kuna mambo mawili ya kumtazamia.

La kwanza ni vyombo vya mezani. Mwaka 2007 alikusanya sahani, mabakuli na majagi 100 ya zamani, vyombo vya mitumba tu, akachora juu yake: nyuso za watumishi weusi, na mabwana wa Kiingereza wenye mawigi wakitapika. Mji wa Lancaster, ambao kazi hiyo inauhusu, ulikuwa bandari ya biashara ya watumwa. Hakuchora kwenye turubai. Alichora kwenye sahani, mahali chakula kinapowekwa, na maua ya kiwandani aliyaacha yachungulie pembeni mwa rangi yake. Ukila kwenye sahani ile unafunua uso wa mtu tonge kwa tonge.

La pili ni kurasa za gazeti. Kwa miaka alikusanya kurasa za gazeti la Guardian zenye picha za watu weusi, akawa anapaka rangi na ruwaza juu ya sehemu za ukurasa. Siyo picha zote mbaya. Tatizo ni ujirani: picha ya mwanamichezo anayecheka imepangwa kando ya kichwa cha habari cha uhalifu kisichomhusu, na jicho linaviunganisha vyenyewe asubuhi kabla chai haijapoa. Yeye anafunika hapa, anaacha pale, na ghafla unaona mpangilio ambao ulikuwepo wakati wote. Mchungulia, hicho si ndicho kipimo chako? Gazeti linabaki gazeti. Ila ukishaona, gazeti la kesho husomi vilevile.

Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, ana mfululizo wa kolaji 12 juu ya michoro ya zamani ya vitabu vya tiba inayoonyesha uvimbe wa mfuko wa uzazi. Juu ya kila mchoro amejenga uso wa mwanamke kwa vipande vya magazeti: mdomo wa huyu, jicho la yule, pambo, manyoya. Kiungo kilichokatwa na daktari kwa ajili ya kitabu kinakuwa shavu. Mara ya kwanza niliziona nzuri, mara ya pili nikasikia kichefuchefu, na zote mbili zilikuwa sahihi.

Sina Presha

Bi Mkasi, kwenye makopo ya kuchora nimepigwa bao, nakubali. Sasa nina swali la kweli, siyo utani. Dumu lililotupwa halina mwenyewe. Picha ina mwenyewe. Mpiga picha amelala porini au amesimama mvuani, wewe unakuja na mkasi na jina lako. Tunauitaje huo?

Kalamu Nyekundu

Swali la Sina Presha ndilo la maana kuliko yote humu, na mahakama za Marekani zimelihangaikia miongo mitatu.

Msanii Jeff Koons aliona kadi yenye picha ya mume na mke wamekaa na watoto wa mbwa mapajani, iliyopigwa na Art Rogers. Akaichana ile sehemu yenye alama ya hakimiliki, akaipeleka kwa mafundi na maagizo waifuate ilivyo, wakatengeneza sanamu ya mbao yenye rangi. Sanamu tatu zikauzwa kwa jumla ya dola 367,000. Alipodaiwa alijitetea kuwa anaikejeli jamii inayopenda mapambo ya bei rahisi yasiyo na maana. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa ikamkatalia: unaikejeli jamii, sawa, lakini huikejeli picha hii, sasa kwa nini uchukue hii? Huyohuyo Koons mwaka 2006 alishinda kesi nyingine, safari hiyo alikuwa amekata miguu kutoka kwenye picha ya jarida na kuichanganya na vingine ndani ya mchoro mkubwa.

Kisha kubwa zaidi. Mwaka 1981 Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince. Mwaka 1984 jarida likamlipa dola 400 ili msanii Andy Warhol aitumie kama rejeleo, mara moja tu. Warhol akatengeneza kazi 16. Mwaka 2016 Prince alipofariki, wakfu wa Warhol ukalipwa dola 10,000 kwa mojawapo kutumika jaladani. Goldsmith hakupata hata senti, wala jina lake halikuandikwa. Mei 2023 Mahakama ya Juu, majaji 7 kwa 2, ikasema amedhulumiwa: picha yake na ya Warhol zilikuwa zinafanya kazi ileile, kumwonyesha Prince kwenye jarida, kwa malipo.

Ukiisoma hukumu ile kwa makini, haikusema Warhol siyo msanii. Iliuliza hii nakala inatumika wapi badala ya nini. Makopo ya supu ya Warhol ya 1962, yale 32, hayamnyang'anyi mwenye kiwanda mteja, hakuna anayekula turubai. Picha ya Prince kwenye jalada inamnyang'anya mpiga picha jalada.

Na ukichukua, sema ukweli. Shepard Fairey, yule wa bango la Obama la 2008 la rangi nyekundu na buluu, alitumia picha ya shirika la habari. Kesi ya picha yenyewe waliimaliza kwa makubaliano. Kilichomtia hatiani mwaka 2012 ni kudanganya ni picha ipi aliyotumia na kuharibu ushahidi: miaka miwili ya uangalizi na faini ya dola 25,000.

Fundi Koleo

Kalamu, umemtaja Koons na mafundi wake ukapita haraka. Rudi hapo. Aliyechonga mbao ni nani? Jina lake liko wapi?

Mleta uzi, na wewe pia. Mapazia ya Anatsui yana maelfu ya vifuniko. Kwa kasi yako ya viganja vitatu kwa siku, mtu mmoja hamalizi akiwa hai.

Mchungulia Dirisha

Kweli tupu, fundi, na kinanisumbua. Anatsui ana wasaidizi wengi Nsukka, hajawahi kuwaficha. Wanafunga vipande vidogovidogo, yeye anavipanga sakafuni, anapiga picha, anapangua, anapanga tena. Halafu kazi ikifika kwenye jumba la sanaa hatoi mchoro wa kuitundika. Wanaoipokea ndio wanaamua mikunjo ianguke vipi, kwa hiyo pazia lilelile halionekani sawa mara mbili. Mwaka 2023 jumba la sanaa la Tate Modern, London, walitundika kazi yake kwenye ukumbi wao mkubwa, sehemu moja ikiwa imetuna kama tanga la meli. Mikono mingapi hapo?

Kesi ngumu zaidi ni msanii wa China, Ai Weiwei. Ukumbi huohuo, Oktoba 2010: mbegu za alizeti milioni 100 sakafuni. Unaweza kudhani ni gunia zimemwagwa. Kila moja ni kauri, imefinyangwa, imechomwa, imechorwa mistari kwa brashi na mtu. Zaidi ya watu 1,600 wa Jingdezhen, mji wenye karne nyingi za ufinyanzi wa kauri, ndio walifanya kazi hiyo. Watu waliruhusiwa kutembea juu yake siku za mwanzo tu, vumbi la kauri likawafanya waandaaji wafunge. Sasa hapa kuna ujanja wa kinyume: badala ya kuchukua kitu cha bei rahisi na kukiita ghali, amechukua ufundi wa kuogopwa akautumia kutengeneza kitu cha kutemwa maganda.

Jina ukutani ni moja. Watu 1,600 walilipwa, ndiyo. Je, inatosha? Bi Mkasi atasema inatosha, namjua.

Bi Mkasi

Hunijui. Nasema haitoshi. Mjenzi wa nyumba analipwa na jina haandikwi mlangoni, lakini nyumba haijidai kuwa imejengwa na mmoja. Wangeandika yote 1,600. Ukuta ulikuwepo.

Kalamu Nyekundu

Kisheria wakilipwa na mkataba upo, imekwisha. Lakini hukuuliza kisheria.

Fundi Koleo

Bi Mkasi, shikamoo mara mbili.

Mchungulia Dirisha

Taarifa kwa wadau. Nimerudia. Safari hii vifuniko vya kuzungusha, 40, mkasi wa kawaida, na nafasi ya unene wa kiberiti kama fundi alivyosema. Jioni mbili. Kipande kina upana wa ukurasa wa daftari. Nimekishika kwa pembe moja, kikajikunja chenyewe, kikateleza juu ya mkono kama kitu chenye maji ndani. Nilishtuka nikakiangusha. Hakikulia kwaa. Kilitoa sauti ya mvua inayoanza.

Nimekitundika kwenye msumari. Mpwa wangu amekigeuza chini juu, nimekiacha hivyo.

Sina Presha

Weka picha basi. Na vile vizibo 60 vya soda umefanyia nini?

Mchungulia Dirisha

Viko kwenye mfuko wa plastiki, nimeuegesha kando ya pipa.

Sina Presha

Uandike jina mkuu. Kesho ni siku ya taka.